Kutoa Sehemu

Mji wa Goma hula kwa kugawana. Kila siku mitumbwi na mashua hufika soko la Kituku, kando ya Ziwa Kivu, pamoja na vyakula kutoka Idjwi, Minova na Kalehe. Kutoka milima ya Masisi hushuka maharagi, viazi na zile jibini za mviringo zinazojulikana hata nchi za jirani. Lakini si kila mchuuzi aliye na fedha ya kununua gunia zima au jibini nzima. Mmoja hununua nusu, mwingine robo, wa tatu theluthi. Jioni kila mmoja hutaka kujua jambo moja tu: nimebakiwa na nini?

Swali hilo halijibiwi kwa macho, wala kwa kubahatisha. Hujibiwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe huitwa kutoa sehemu.

Sehemu ni nini

Chukua jibini moja ya Masisi. Ikate vipande vinne vilivyo sawa. Kila kipande ni robo, nayo huandikwa 1/4. Ukivishika vipande vitatu, unayo robo tatu, yaani 3/4.

Namba iliyo chini ya mstari huitwa asili. Yatuambia kitu kizima kimekatwa mara ngapi. Kwa hiyo yataja namna ya kipande. Namba iliyo juu ya mstari huitwa kiasi. Yatuambia vipande vingapi vimeshikwa. Asili ni kama jina la kipande, na kiasi ni hesabu yake. Mtoto asiyesahau neno hili moja hatapotea katika somo lote.

Angalia tena: asili ikikua, kipande hupungua. Jibini iliyokatwa mara nane hutoa vipande vidogo kuliko iliyokatwa mara nne. Namba 8 ni kubwa kuliko 4, lakini 1/8 ni ndogo kuliko 1/4. Mwenye njaa ayajua hayo hata kabla ya kufika shuleni.

Watu wa kale walihesabu pia

Mtu asidhani kwamba hesabu ni kitu kigeni katika nchi hii. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, jina lake Jean de Heinzelin, alikuwa akichimba ardhi huko Ishango, Kivu ya Kaskazini, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Akapata mfupa mdogo, urefu wake kadiri ya sentimeta 10, wenye mikato mingi iliyopangwa katika safu tatu. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Katika safu moja mikato ni 11, 13, 17 na 19. Jumla yake ni 60. Katika safu ya pili ni 11, 21, 19 na 9. Jumla yake pia ni 60. Wataalamu hawajapatana juu ya maana ya mikato hiyo, lakini wengi waona humo kazi ya mtu aliyehesabu. Mfupa huo umehifadhiwa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji.

Huko Misri nako, katika karatasi ya mafunjo iliyoandikwa na mwandishi Ahmes miaka zaidi ya 3,500 iliyopita, yamo maswali ya kuwagawia watu 10 mikate. Na ule mstari mdogo unaotenga kiasi na asili ulitumiwa na Al-Hassar, mwanahesabu Mwislamu wa Afrika ya Kaskazini, katika karne ya 12. Baadaye Mwitalia Fibonacci, aliyejifunza hesabu akiwa kijana huko Bugia, katika nchi iitwayo leo Algeria, akautumia katika kitabu chake cha mwaka 1202. Hivyo sehemu zilikuwa zikihesabiwa Afrika zamani sana.

Mfupa wa Ishango wafundisha jambo lingine. Mikato yake yaweza kuhesabiwa pamoja kwa sababu kila mmoja wahesabiwa kuwa kitu kimoja. Vivyo hivyo, vipande vya sehemu haviwezi kutolewa kimoja katika kingine mpaka viwe vya namna moja.

Asili zikiwa sawa

Ikiwa vipande ni vya namna moja tayari, kazi ni nyepesi. Mama mmoja anayo 7/8 ya jibini. Auza 3/8. Vipande vyote vyaitwa sehemu za nane. Alikuwa na vipande 7, ameuza 3, vimebaki 4:

7/8 − 3/8 = 4/8

Asili haikubadilika, kwa kuwa vipande havikukatwa upya. Mtu mwenye mayai 7 akiuza mayai 3 hubakiwa na mayai 4, wala mayai hayageuki kuwa kitu kingine. Kisha twapunguza jibu: 4/8 ni sawa na 1/2. Mama amebakiwa na nusu ya jibini.

Na ikiwa mwanzo kitu ni kizima? Kiandike kwa jina la vipande unavyotaka kutoa. Jibini nzima ni 8/8. Basi 1 − 3/8 ni 8/8 − 3/8, yaani 5/8.

Kosa linalowadanganya wengi

Sasa mama anayo 3/4 ya jibini, naye auza 1/3 ya jibini nzima. Mtoto mwenye haraka atoa juu kwa juu na chini kwa chini. Asema: 3 toa 1 ni 2, 4 toa 3 ni 1. Aandika 2/1.

Lakini 2/1 ni jibini nzima mbili! Mama hakuwa hata na jibini nzima moja. Ameuza kipande, na sasa ana jibini mbili? Kama ingekuwa hivyo, hakuna mchuuzi ambaye angelala njaa.

Tazama kosa la pili la namna hiyo: 7/8 − 1/2. Mwenye haraka aandika 6/6, yaani jibini nzima. Ameuza nusu, na mali yake imeongezeka. Hesabu ya namna hiyo yamcheka aliyeiandika. Kwa hiyo kabla ya kufuta ubao, mtoto ajiulize daima: je, nilichobakiwa nacho ni kidogo kuliko nilichokuwa nacho? Kama sivyo, arudi mwanzo.

Asili ya pamoja

Robo na theluthi ni vipande vya namna mbili. Yapasa kuvikata tena, vyote viwili, mpaka viwe vya namna moja. Kazi hiyo huitwa kutafuta asili ya pamoja.

Mtoto wa Goma hakosi kitu cha kujifunzia. Mawe meusi ya Nyiragongo yamejaa kila mahali. Lava iliyoingia mjini mwezi wa Januari 2002 iliacha mengi, nayo yamejenga kuta na nyumba nyingi. Okota vijiwe 12 vilivyo karibu kulingana. Vijiwe hivyo 12 pamoja ni kitu kizima.

Vigawanye mafungu 4. Kila fungu lina vijiwe 3. Basi robo moja ni vijiwe 3, na robo tatu ni vijiwe 9. Yaani 3/4 ni sawa na 9/12.

Vichanganye tena vyote, uvigawanye mafungu 3. Kila fungu lina vijiwe 4. Basi theluthi moja ni vijiwe 4. Yaani 1/3 ni sawa na 4/12.

Sasa vipande vyote ni vya namna moja: sehemu za kumi na mbili. Chukua vijiwe 9, ondoa 4. Vimebaki 5:

3/4 − 1/3 = 9/12 − 4/12 = 5/12

Kwa nini 12, wala si 10? Kwa sababu vijiwe 10 haviwezi kugawanyika mafungu 4 sawa bila kuvunja kijiwe, wala mafungu 3. Asili ya pamoja lazima igawanyike kwa asili zote mbili. Ili kuipata bila vijiwe, hesabu kwa nne: 4, 8, 12, 16. Kisha hesabu kwa tatu: 3, 6, 9, 12. Namba ya kwanza inayopatikana katika safu zote mbili ni 12. Hiyo ndiyo ndogo kuliko zote zinazofaa. Hata 24 yafaa, lakini yaongeza kazi.

Kumbuka pia: ukizidisha asili, zidisha na kiasi kwa namba ile ile. Katika 3/4, asili 4 imezidishwa kwa 3 ikawa 12. Basi kiasi 3 chazidishwa kwa 3 kikawa 9. Mtu akikata kila kipande mara tatu, vipande vyake huwa vingi mara tatu, lakini jibini ni ile ile. Hakuna kilichoongezwa wala kilichoibwa.

Maharagi ya shangazi

Hesabu hii si ya ubaoni tu. Fikiri juu ya binti mmoja yatima, wa mwaka wa tano, akaaye kwa shangazi yake na kumsaidia sokoni siku asiposoma. Shangazi ana gunia la maharagi. Likijaa, lina kilo 60. Asubuhi moja limebaki robo tatu. Shangazi aenda kumwangalia mgonjwa, naye amwacha binti kuuza. Jioni binti asema, “Shangazi, nimeuza theluthi ya gunia zima, na fedha yote hii hapa.”

Shangazi apima yaliyobaki: kilo 25. Uso wake wabadilika. “Zilikuwa robo tatu,” asema. “Umeuza sehemu moja. Tatu toa moja ni mbili. Robo mbili ni nusu ya gunia, na nusu ni kilo 30. Kilo 5 ziko wapi? Umempa nani maharagi yangu?”

Majirani wageuka kutazama. Neno moja la mwizi latosha kumfukuza mtoto katika nyumba, na yatima akifukuzwa hana mlango wa pili wa kubisha. Lakini binti hakulia, wala hakujibu kwa jeuri. Alisema, “Shangazi, nakuomba tuhesabu polepole. Gunia zima ni kilo 60. Robo yake ni kilo ngapi?”

“Kumi na tano.”

“Basi robo tatu za asubuhi zilikuwa kilo 45. Na theluthi ya gunia zima ni kilo ngapi?”

Shangazi akafikiri. “Ishirini.”

“Ndiyo, shangazi. Nimeuza kilo 20, na fedha uliyoishika ni ya kilo 20. Katika 45 tukitoa 20, zabaki 25. Ndizo hizo ndani ya gunia.”

Shangazi akaihesabu fedha tena. Ilikuwa sawasawa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mbele ya wale wale waliosikia, “Mtoto wangu, nimekukosea. Maharagi yote yapo.”

Kosa la shangazi lilikuwa wapi? Aliondoa robo moja mahali pa theluthi moja. Alihesabu vipande bila kutazama majina yake. Theluthi ni kubwa kuliko robo, na tofauti yake yapatikana kwa hesabu ile ile:

1/3 − 1/4 = 4/12 − 3/12 = 1/12

Na 1/12 ya kilo 60 ni kilo 5. Zile kilo 5 hazikuibwa na mtu. Hazikuwapo kamwe, ila katika hesabu mbaya.

Amri ya saba yakataza kuiba, na amri ya nane yakataza kumsingizia jirani. Mtu aweza kuzivunja zote mbili kwa kutojua hesabu na kukataa kuhesabu upya. Kwa hiyo mizani iliyo sawa haitoshi. Yahitajiwa pia akili iliyo sawa.

Jambo moja zaidi la kuangalia. Kama binti angaliuza theluthi ya yale yaliyobaki asubuhi, angaliuza theluthi ya kilo 45, yaani kilo 15, na zingalibaki kilo 30 kama alivyodhani shangazi. Maneno “theluthi ya gunia zima” na “theluthi ya yaliyobaki” si maneno mamoja. Kabla ya kutoa, uliza daima: sehemu ya kitu gani?

Namba nzima pamoja na sehemu

Chukudu ni baiskeli ya mbao inayobeba mizigo ya Goma: makaa, viazi, maji, magunia ya unga. Sanamu yake imesimamishwa mjini, kwa kuwa imewalisha watu wengi. Fundi anayeichonga lazima ajue kupima, maana mti ukiisha kukatwa haurudi.

Fundi mmoja anao mti wa meta 3 1/4. Akata kipande cha meta 1 1/2. Ni meta ngapi zinazobaki?

Kwanza afanye asili ya pamoja. Nusu ni 2/4. Hesabu ni 3 1/4 − 1 2/4. Lakini katika 1/4 hawezi kutoa 2/4. Robo moja haitoi robo mbili. Fundi asiyejua ageuza mambo: atoa 1/4 katika 2/4, apata 1/4, kisha 3 toa 1 ni 2, naye asema zimebaki meta 2 1/4. Amwahidi mteja mti wa meta 2. Akienda kupima, hauko.

Fundi ajuaye hukopa. Katika meta 3 akopa meta 1 na kuikata robo nne. Robo nne pamoja na ile robo moja ya kwanza ni robo tano. Basi 3 1/4 yaandikwa 2 5/4. Ni urefu ule ule, maandishi tu yamebadilika. Sasa hesabu yaenda vizuri:

2 5/4 − 1 2/4 = 1 3/4

Imebaki meta 1 3/4. Aliye na utepe wa kupimia aweza kuhakikisha: sentimeta 325 toa 150 ni 175.

Kujaribu jibu

Mwanafunzi mwema haamini jibu lake upesi. Achukue kilichobaki, akijumlishe na kilichotolewa. Lazima apate kile cha mwanzo. Katika maharagi: 5/12 na 4/12 ni 9/12, yaani 3/4. Hesabu ni kweli. Isipokuwa sawa, arudi atafute kosa, wala asione haya. Haya ni kuliona kosa na kuliacha.

Basi mambo ya kushika ni haya. Tazama kwanza asili. Zikiwa sawa, toa viasi, asili ibaki ilivyo. Zisipokuwa sawa, tafuta asili ya pamoja, kisha toa. Kiasi kisipotosha, kopa kimoja katika namba nzima. Punguza jibu, kisha lijaribu.

Maswali

1. Mama ana bido la maji la lita 20, limejaa. Atumia 2/5 ya bido kupikia na 1/4 ya bido kufulia. Imebaki sehemu gani? Ni lita ngapi?

2. Fundi ana ubao wa meta 4 1/2. Akata meta 2 3/4. Zimebaki meta ngapi? Hakikisha kwa sentimeta.

3. Mtoto ameandika 5/6 − 1/2 = 4/4. Bila kufanya hesabu, eleza jinsi unavyojua kwamba amekosea. Kisha toa jibu la kweli.

4. Gunia la kilo 60 lilikuwa na 5/6 asubuhi. Kijana aliuza 2/5 ya gunia zima. Mwenye gunia asema: “Tano toa mbili ni tatu, lazima zibaki 3/5, yaani kilo 36.” Kijana asema zimebaki kilo 26. Nani asema kweli? Andika maneno ambayo kijana angemwambia mwenye gunia kwa adabu.